Ishirini Juu ya Ishirini

Falone binti Amuri alipofika mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu mjini Kasongo, alitakiwa, kama wenzake wote, kuandika memwari, ile kazi ndefu ya utafiti ambayo mtu hapewi diploma mpaka aitetee mbele ya walimu watatu. Wenzake walijichagulia mambo yaliyozoeleka: utoro wa wanafunzi, uhaba wa vitabu, wasichana wanaoacha masomo. Falone alichagua udanganyifu. Alitaka kujua ni watoto wangapi hudanganya kweli wanapopewa nafasi na hakuna anayewatazama.

"Sasa hiyo nayo iko na haja ya utafiti?" mama yake alimuuliza, ungo wa mchele ukiwa mapajani. "Si uulize tu muzazi yeyote hapa mutaani."

"Wazazi watanipa maoni, mama. Miye nataka hesabu."

Njia yake ilikuwa rahisi. Angeingia darasa la sita, awasomee watoto dikte, yaani imla, ya Kifaransa yenye alama ishirini, kila kosa likiondoa alama moja. Angekusanya karatasi, aseme atazisahihisha, kisha nyumbani azipige picha zote kwa simu bila kuweka hata nukta moja. Kesho yake angewarudishia watoto karatasi zao, aandike dikte sahihi ubaoni, na kuwaambia wajisahihishe wenyewe, kila mmoja na biki yake, kalamu ya wino, mkononi. Halafu angetoka nje kwa dakika kumi. Tofauti kati ya karatasi ya jana na karatasi ya leo ndiyo ingekuwa jibu. Majina asingeyaandika popote, na mwishoni angewaeleza watoto ukweli na kuwaahidi kwamba hakuna atakayetajwa.

Profesa Marcellin, aliyekuwa akimsimamia, aliipenda njia hiyo. Alimtaka tu achukue shule tatu zisizofanana. Falone akachukua moja ya Kasongo mjini, moja ya Lusangi ambako wazazi wengi ni wageni waliokuja kuchimba dhahabu, na moja ya Wamaza. Ile ya Wamaza hakuichagua kwa bahati. Ndipo alipokulia kabla ya kuhamia mjini na mama yake, na ndipo alipokuwa bado akifundisha Mwalimu Muzaliwa.

Mtu aliyesoma kwa Mwalimu Muzaliwa alijulikana kwa mwandiko wake tu. Mzee huyo alikuwa na miaka thelathini na moja darasani, suruali moja ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa inang'aa magotini, na sauti ya chini ambayo watoto walilazimika kunyamaza ili waisikie. Hakuwahi kumchapa mtoto. Baba yake Falone alipofariki, Mwalimu alikuja msibani na kaye mpya mbili za kuandikia, akamkabidhi binti huyo bila neno, na Jumatatu iliyofuata akamwita jina kwenye orodha kana kwamba asingeweza kabisa kuwa mahali pengine. Falone alikuwa ameshaamua moyoni, kabla hata ya kupanda pikipiki, kwamba darasa lile ndilo litakaloonyesha mfano katika memwari yake.

Mjini Kasongo, watoto kumi na wanne kati ya thelathini na wanane walibadilisha karatasi zao. Lusangi, ambako watu walimwonya afunge vizuri mkoba wake, walibadilisha wanane tu kati ya thelathini na mmoja. Falone alishangaa, akaandika hesabu, akaenda zake Wamaza.

Mwalimu Muzaliwa alimpokea mlangoni mwa darasa kwa mikono miwili.

"Watoto, simameni," alisema. "Huyu ndiye nani?"

Watoto arobaini na wawili wakajibu kwa pamoja, kama watu wanaojibu sala, "Huyu ni Falone wa ishirini juu ya ishirini!"

Falone alicheka, halafu akaacha. Mwalimu akamgeukia, uso umemchanuka.

"Kila mwaka ninawaambia. Miaka kumi na tatu sasa! Dikte ya mwisho ya mwaka, mutoto mumoja alipata ishirini, hata alama ya mukato haikukosa. Hawajawahi kukuona, lakini wanakujua."

Falone aliikumbuka dikte ile vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu haikuwa ya ishirini. Siku ile walibadilishana karatasi wasahihishane, na jirani yake akamrudishia yake na makosa matatu ambayo hakuwa bado ameyapigia mstari, akamnong'oneza tu, "Rekebisha upesi." Akarekebisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, baba yake alikuwa na miezi minne kaburini, na Mwalimu akaiinua karatasi yake juu mbele ya darasa zima. Hakumwambia mtu. Baada ya muda hata yeye mwenyewe aliacha kulifikiria.

Falone aliwasomea watoto dikte yake. Kesho yake akawarudishia watoto karatasi zao, akaandika majibu ubaoni, akatoka nje, akasimama chini ya ukingo wa paa akiangalia saa.

Alasiri hiyo alikaa barazani kwa Mwalimu, karatasi mapajani, simu mkononi, akilinganisha moja moja. Mama Mwamvita, mke wa Mwalimu, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na kila mara mtwangio ulipoanguka Falone aligeuza karatasi nyingine. Herufi iliyoongezwa hapa. Mkato uliozaliwa pale. Neno zima lililofutwa kwa mate mpaka karatasi ikatoboka. Alipomaliza alihesabu, akahesabu tena kuanzia chini kwenda juu. Ishirini na tisa. Watoto ishirini na tisa kati ya arobaini na wawili, na kumi na saba kati yao walikuwa wamejipa ishirini kamili.

"Njoo ule kwanza, mutoto yangu," Mama Mwamvita aliita. "Hizo karatasi haziwezi kukimbia."

Mwalimu alirudi kutoka kisimani akiwa na ndoo, akaketi, akanawa mikono polepole. Alijizuia kuuliza mpaka alipomega tonge la pili la bugali.

"Watoto wangu wamefanya namna gani?"

"Vizuri, Mwalimu," alisema Falone.

Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika na kumsogezea kipande kikubwa cha samaki.

Kasongo, katika chumba cha kompyuta cha chuo, Falone alikaa mbele ya jedwali lake. Kwenye mstari wa tatu ilikuwa imeandikwa 29. Aliitazama tarakimu hiyo muda mrefu. Alimwona Mwalimu akiisoma memwari, miwani yake iliyofungwa kwa uzi ikiwa puani, akifika mstari wa tatu. Alipeleka kidole kwenye kibodi, akafuta mbili. Ilibaki tisa. Akarekebisha na asilimia, akahifadhi, akaenda nyumbani akawa mkali kwa kila aliyemsemesha.

Profesa Marcellin alifurahi mno. Darasa la Wamaza sasa ndilo lilikuwa na udanganyifu mdogo kuliko yote, na yeye aliona hapo somo kubwa: mwalimu mmoja mnyofu anaweza kubadilisha darasa zima.

"Tunapaswa kumwalika huyu muzee siku ya kutetea," alisema. "Akae mbele. Na mukaguzi wa shule nitamwita pia, amusikie. Andika barua, nitaweka sahihi."

Falone aliandika barua hiyo kwa mkono wake. Wiki mbili baadaye Pitchou, dereva wa pikipiki anayekwenda Wamaza kila siku ya soko, alimletea jibu na mfuko wa karanga. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko ule ule usioyumba: *Mwanangu, nimesoma barua ya wakubwa wa chuo mbele ya darasa. Watoto wamepiga makofi. Mama Mwamvita anasema nishone suruali nyingine. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniita nije nisifiwe. Ni wewe umefanya hivyo.*

Falone aliisoma amesimama. Mama yake alimtazama kutoka jikoni.

"Kuna mutu amekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini unalia juu ya karanga?"

Akamwambia yote: ishirini na tisa, tisa, na ile dikte ya zamani. Mama yake alisikiliza bila kuacha kuchochea moto. Mwishowe akasema, "Pitchou anarudi saa ngapi?"

"Kesho asubuhi."

"Nitakupikia ya kula njiani."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Walianguka mara mbili kwenye tope, na kwenye daraja la mbao walishuka wakasukuma pikipiki ubao kwa ubao. Falone alifika Wamaza wakati watoto wakitoka shule, akiwa na matope mpaka kiunoni. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, akifuta ubao.

"Falone! Umeleta habari gani? Wamebadili siku?"

"Mwalimu, ikaa kwanza."

Aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yake yakipita juu ya meza. Falone alibaki amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatasema.

"Nilikudanganya siku ile. Na ile hesabu iko kwa memwari, miye ndiye niliyeibadili. Waliobadilisha karatasi si tisa. Ni ishirini na tisa."

Mwalimu aliweka kifutio juu ya meza.

"Umekosea kuhesabu," alisema.

Falone akampa karatasi alizokuwa amezifunga kwenye plastiki, kona zenye majina amezikata, na simu yenye picha za siku ya kwanza. Mwalimu alivaa miwani. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Mwandiko wa watoto wake alikuwa anaujua bila majina, na Falone aliliona jambo hilo likimpata: kwenye karatasi ya tano alisita, kwenye ya tisa akafumba macho kidogo.

"Hata huyu," alisema. Hakutaja jina, na Falone alimshukuru moyoni.

Alipofika mwisho aliziweka karatasi sawasawa, akazigongagonga mezani zilingane kingo.

"Ishirini na tisa," alikubali. "Miye sijawahi kuwafundisha hivi."

"Najua."

"Sasa nani amewafundisha?"

Falone alivuta pumzi. "Pengine miye, Mwalimu."

Akamsimulia. Jirani aliyenong'ona, maneno matatu, biki ya bluu. Alimwambia pia jambo ambalo hakuwa amelipanga: kwamba alipoiona karatasi yake imeinuliwa juu, kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kuna mtu mzima anayemtazama kwa furaha, na kwamba kwa ajili ya macho yale angerekebisha hata maneno mia.

"Hawa nao wanakupenda hivyo," alisema. "Kule Lusangi walimu wanabadilika kila mwaka, hakuna mutoto anayeogopa kumuvunja mwalimu moyo. Lakini hapa kila siku wanasikia habari ya Falone. Wanataka uwainue na wao."

Mwalimu alizirudisha karatasi kwenye plastiki moja moja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Falone alidhani analia, akasogea. Mzee alikuwa anacheka, japo macho yake yalikuwa yamelowa.

"Miaka kumi na tatu!" alisema. "Miaka kumi na tatu ninatangaza kumi na saba!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nyamaza kwanza, nicheke nimalize." Alijifuta kwa kiganja. "Ulikuwa mutoto. Uliyofanya mwezi uliopita ndiyo yananiuma, kwa sababu wewe si mutoto tena. Ulifikiri nitavunjika?"

"Ndiyo."

"Basi umenizeesha kabla ya siku yangu." Alinyanyuka kwenye dawati kwa shida, mkono mmoja kiunoni. "Utalala kwetu. Kesho utaingia darasani uwaambie wewe mwenyewe."

Asubuhi yake Falone alisimama mbele ya watoto arobaini na wawili na kuwaambia kwamba dikte yake ilikuwa ya kumi na saba. Msichana mmoja wa dawati la mbele, Mamy, mwenye nywele zilizosukwa na nyuzi nyeusi, aliinua kidole.

"Kumi na saba si mbaya, eh?"

"Ni nzuri sana," alisema Mwalimu. "Ni miye ambaye nilikuwa sizioni kumi na saba. Wala kumi na moja. Nilikuwa nikiingia nauliza: nani iko na ishirini? Wengine nikawapita kama nguzo za njiani." Alitembea kati ya madawati. "Karatasi zenu nimeziona. Sitauliza ni nani. Kuanzia leo, anayekuja kunionyesha kosa lake, tutakaa naye tulitazame lile kosa pamoja, na hakuna atakayecheka."

"Hata wewe unakosa?" aliuliza mvulana wa nyuma kabisa, na wenzake wakashtuka kwa ujasiri wake.

Mwalimu alifikiri kidogo. Akampa Falone kitabu cha darasa, akachukua chaki, akaenda ubaoni.

"Nisomee," alisema. "Sehemu ngumu."

Falone alifungua ukurasa ambao hajawahi kuwasomea watoto, akasoma taratibu. Chaki ilikimbia. Madawati yaliinama mbele. Mwalimu alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akatazama kazi yake, na Mamy, aliyekuwa ameazimwa kitabu alinganishe, akafuata mistari kwa kidole mpaka wa nne.

"Hapa," alisema kwa woga. "Kwenye kitabu kuna *r* mbili."

Mwalimu aliinama, akasoma, akasoma tena. "Kweli," alisema. "Mukosaji ni miye." Akaandika kumi na tisa kwenye kona ya ubao, akaizungushia duara. Kelele zilizolipuka zilimtoa direkta, mkuu wa shule, ofisini mwake kuja kuuliza kuna nini.

Kwa Profesa Marcellin hakukuwa na kicheko. Alimsikiliza Falone huku akipanga na kupangua kalamu mezani, na alipozungumza hakupandisha sauti.

"Unajua ningeweza kufuta jina lako leo? Umebuni hesabu katika utafiti wa udanganyifu. Mbele ya mukaguzi ningesimama na kumusifu mutu kwa jambo lisilokuwepo."

"Ndiyo, Prof."

"Kwa nini umekuja kusema? Nisingejua kamwe."

"Mwalimu amejua. Sikuweza kumuacha aje asifiwe kwa uongo wangu."

Profesa aliirudisha kalamu ya mwisho mahali pake. Mwishowe alimwambia kwamba hatatetea kipindi hicho pamoja na wenzake. Ataongeza shule ya nne, Kabambare, na karatasi atazikabidhi kwake zikiwa zimefungwa. Na katika memwari ataandika sura moja inayoeleza kwamba mtafiti mwenyewe aligeuza hesabu, lini, vipi na kwa nini.

"Aibu itakuwa yako," alisema, "lakini hiyo ndiyo sura nitakayoisoma kwanza."

Wenzake Falone walitetea bila yeye, wakavaa majoho yao ya sherehe, wakapiga picha. Yeye alikwenda Kabambare kwa pikipiki, akarudi na homa, akaandika. Sura ile ya aibu ilimchukua mwezi mzima. Mara sita aliiandika kwa maneno ya kujitetea, mara ya saba akaiandika kama ilivyotokea.

Alitetea miezi sita baadaye, mbele ya watu wachache. Mkaguzi hakuja. Mwalimu Muzaliwa alikuja na Mama Mwamvita, Mwalimu amevaa suruali mpya ya kijivu iliyoshonwa ndefu kidogo. Walikaa mstari wa mbele kama Mwalimu alivyoalikwa zamani. Mmoja wa walimu watatu alimuuliza Falone kwa nini darasa linalopendwa sana na mwalimu wake lilidanganya kuliko mengine yote, na kama yeye basi anashauri walimu wasipendwe.

"Hapana," alijibu Falone. "Nashauri mutoto ajue kwamba upendo ule hautapungua akikosa. Katika darasa la Wamaza hakuna aliyekuwa amewaambia. Hata miye sikuambiwa, kwa hiyo nikarekebisha karatasi."

Mwalimu Muzaliwa aliandika jambo kwenye kaye yake ndogo. Walimu hao watatu walimpa Falone daraja la kuridhisha, si la juu, na aliwashukuru kwa kuinamisha kichwa.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameua kuku wawili. Walikula wali na sombe barazani, wazee wakisimuliana habari za marehemu Amuri alivyokuwa hawezi kunyamaza kanisani. Kabla ya kuondoka Mwalimu aliomba nakala ya memwari, akaifunga mara tatu kwa plastiki kwa ajili ya mvua. Kwenye kituo cha pikipiki alimvuta Falone pembeni.

"Mwalimu wa darasa la tano ameacha kazi, amekwenda Lusangi kuchimba. Direkta anatafuta mutu. Nilimwambia ninamujua mumoja, ila nitamweleza mambo yake yote, mazuri na yale mengine."

"Akasemaje?"

"Alisema wengine wanaoiomba kazi hawajamweleza hata kosa lao moja. Njoo uzungumze naye."

Falone aliahidi atamuuliza mama yake. Mama yake, aliyekuwa amesimama hatua tano nyuma na kusikia kila neno, alisema kwa sauti kwamba godoro la zamani bado ni zima na Pitchou anajua kulifunga kwenye pikipiki.